Kazi: Bahati

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alinilea vizuri, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Natumaini u mzima, mkeo mzima, na cherehani yake imepona ule ugonjwa wa kukata uzi. Mimi sijambo. Nimepata chumba juu ya karakana ya fundi wa matairi, dirisha moja na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Kazi nimepata kiwanda cha barafu. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, nasukuma vitalu vya barafu kwenye mfereji wa bati mpaka saa nane mchana, na vidole vinaanza kunirudia jioni. Wenzangu hapa wananiita Mgeni. Sijawahi kufurahia jina namna hii.

Nimekupigia simu mara tisa, na mara tisa umeikata. Basi nimenunua karatasi na bahasha. Barua haikatwi.

Jana nilikwenda ofisi ya leseni za vyombo vya majini kujiandikisha kwa mtihani wa unahodha. Unajua nimeusubiri mtihani huu tangu siku uliyonifundisha kusoma rangi ya maji. Wanataka siku mia mbili za kazi kwenye boti, zilizoandikwa na nahodha kwa mkono wake. Mimi ninazo mia mbili na kumi na mbili. Nilifika nimeinua shingo, kitabu cha siku za baharini nimekibana kwapani, bado kikiwa kwenye gazeti ulilokifungia siku uliponifukuza. Nakiri kosa langu, sikuwahi kukifungua. Kila tuliporudi ulikitoa kwenye droo chini ya usukani, ukaandika, ukakirudisha, nami nikakuamini kwa sababu wewe ni mjomba wangu.

Karani ni mama mmoja aliyefunga miwani kwa kamba shingoni. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarukia wa mwisho, kisha akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Bahati ndiyo jina lako?"

"Hapana, mama."

"Sasa huyu Bahati ni nani?"

Akanigeuzia kitabu. Tarehe, sawa. Saa ya kutoka na saa ya kurudi, sawa. Sahihi yako, sawa. Na pale panapoandikwa "Kazi aliyofanya," siku mia mbili na kumi na mbili, mstari kwa mstari: Bahati. Bahati. Bahati.

Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Hebu njoo uone, huyu aliajiriwa kama bahati!" Mwenzake alicheka mpaka akashikilia mlango. Mjomba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mtihani ni tarehe kumi Agosti, na ni mara moja tu kwa mwaka. Kitabu kilichosahihishwa kiwafikie kabla ya tarehe ishirini Julai. Nimekiweka ndani ya bahasha hii. Futa upuuzi huo, andika kazi niliyoifanya, tia sahihi, nirudishie. Ni hilo tu.

Nisalimie Mama.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu Mguu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako imefika ikiwa imekunja ngumi. Huku hatujambo. Goti la mama yako lilimsumbua wiki mbili, sasa anatembea bila fimbo. Amesema usiambiwe, kwa hiyo mimi sijakuambia. Cherehani imepona. Paa la jikoni nimepanda kuliziba mara mbili na bado linavuja palepale, basi tumeweka ndoo na maisha yanaendelea.

Haya. Nimesoma malalamiko yako, na umenikera kweli kweli. Upuuzi? Neno hilo umeniandikia mimi, kwa mkono nilioufundisha kushika kalamu?

Naona umesahau jina lako lilikotoka. Nilikuwa nimetoka siku kumi na moja mfululizo na wageni wangu, watu wenye fimbo za kuvulia za bei mbaya na mashati ya mifuko kumi, na siku zote kumi na moja nikawarudisha mikono mitupu. Wageni wa namna hiyo samaki hawamli, wanataka wapigwe naye picha, na wasipoipata picha hawarudi. Ndipo mama yako akakuleta gatini. Ulikuwa na miaka sita na kiatu kimoja, cha kushoto. Cha kulia ulikuwa umekipoteza njiani. Ukaturuka wote ukaingia ndani ya boti, mguu wa kulia mtupu ukatangulia. Nikakushusha, tukatoka, na kabla ya adhuhuri tukapata sulisuli wawili, kila mmoja mrefu kuliko mimi. Wawili! Siku ile ndiyo nikakuita Mguu.

Ndiyo maana ulipokua ukaja kwangu kufanya kazi, boti haikuondoka hata siku moja kabla hujavua kiatu cha kulia, ukatangulia kwa mguu ule, ukakanyaga sitaha mara tatu. Daktari wa meno, ambaye amekuwa mteja wangu miaka yote hii, hakutupa mshipi kabla hujaigusa ile kofia yake isiyofuliwa. Nilikuchora mguu ubavuni mwa boti! Mabaharia nimewahi kuwa nao kumi na wawili, na wote walijua kufunga fundo. Bahati nimewahi kuwa nayo moja. Nikaandika kile kilichokuwa adimu, na wewe unakuja juu kana kwamba nimekutukana. Unanionea.

Na kwa kuwa umelianzisha, tulimalize. Siku ya mashindano ulipanda kwa mguu wa kushoto, tena na kiatu mguuni. Niliona kwa macho yangu haya mawili. Mbele ya boti zote, tumekaribia kumpima samaki ambaye angetupa kikombe, mshipi ukakatika. Daktari wa meno hajapoa mpaka leo. Sasa anakuja amevaa jino la mgonjwa wake kwenye uzi shingoni, anasema linamfaa kuliko mguu wa mtu. Ule mguu wa ubavuni nimeupaka rangi nyeupe mwenyewe, umefutika wote.

Kitabu kiko kwenye droo. Nahodha hafuti alichoandika.

Mjomba wako


17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi huku fundi wa matairi akinipigia kelele nisimzibie njia. Huku wazima. Mashine moja ya kiwanda imeharibika, kwa hiyo tunavunja barafu kwa nyundo. Mwambie Mama sijui lolote kuhusu goti, na kwamba asilikunje sana.

Mimi nimekutukana? Mimi ndiye nakuonea? Hebu nikukumbushe, maana naona kuna mambo yamekutoka.

Nani alikuwa anafika gatini saa kumi na moja alfajiri kupima mafuta ya injini? Bahati? Nani alifunga ndoana, akakata chambo, akaosha damu kwenye sitaha, akashika upembo wa kumvuta samaki ndani wakati wageni wako wanajipanga kwa picha? Nilipochomwa na mwiba wa samaki kiganjani, kovu ninalo bado, bahati ndiyo ilishonwa nyuzi nne? Na nani aliyekuwa akikuambia, "Mjomba, ndege wale kulia wanatua majini, samaki wako pale"? Mwaka wa kwanza ulikuwa ukiitikia kwamba unawaona. Mwaka wa pili hata kuitikia uliacha. Na tulipoingia gatini, katikati ya boti za watu, usukani ulikuwa mkononi mwa nani? Ulikuwa unaniachia, eti unataka kuzungumza na wageni. Miaka miwili ulitaka kuzungumza na wageni kila tulipokaribia gati. Hata siku wageni walipokuwa wamelala usingizi.

Halafu unaniambia nilikuwa kitu adimu. Mjomba, nilikuwa navua kiatu mbele ya wanaume wazima kumi, asubuhi ya baridi, nikikanyagakanyaga mbao kama ninayeua mende, nao wanapiga makofi. Nilivumilia kwa sababu nilidhani huo ni mchezo wa wageni na kazi yangu inaandikwa kwenye kitabu. Kumbe mchezo ndio ulioandikwa!

Na kuhusu siku ile ya mashindano. Nilipanda kwa mguu gani, sikumbuki. Nilikuwa nimebeba sanduku la barafu lililonifika kidevuni, yule daktari wa meno akinihimiza. Ila yaliyofuata nayakumbuka. Daktari alipambana na yule sulisuli saa nzima na dakika zake. Samaki akageuka, akaja moja kwa moja chini ya boti. Nilisimama nyuma pale nikapiga kelele, "Kulia, Mjomba! Mshipi uko chini, kulia!" Nawe ukarudisha boti nyuma. Propela ikaupitia mshipi. Daktari akauliza kimetokea nini, na wewe ukageuka ukasema, "Mpwa wangu leo kapanda kwa mguu wa kushoto."

Ulisema hivyo, Mjomba. Mbele ya watu niliowatilia chai. Kabla hatujafika gatini kila boti ilikuwa imeshasikia kwenye redio kwamba mimi ni kisirani. Niliomba kazi boti saba. Saba! Mmoja akaniambia nisiegemee hata kamba yake.

Neno moja zaidi na nitaishia hapo. Kabla sijakutumia kile kitabu nilikipitia chote. Ukurasa wa kwanza ile Bahati yako inakaa ndani ya mstari wake. Ukurasa wa mwisho imekula mistari mitatu. Na barua yako hii herufi zake ni kubwa kama za tangazo la mnada. Sisemi zaidi. Nasubiri useme mwenyewe.

Zimebaki siku tisini na nne.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa,

Marahaba. Hii inaandikwa na mke wangu kwa kuwa mkono wangu unauma. Sisi wazima, mama yako mzima.

Barua yako ya Aprili ilifika. Sikuijibu kwa sababu haikuwa barua ya kujibiwa. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu napenda herufi kubwa. Mshipi ulikatika kwa sababu ulikatika. Nimekaa kwenye maji miaka thelathini na minne na sitaki kufundishwa na mtu niliyembeba mgongoni.

Kitabu hakiandikwi upya. Mtihani upo hata mwakani. Na ningependa tupumzike kidogo na hizi barua.

Mjomba wako

Mwanangu, haya ya chini ni yangu mimi, mjomba wako hayajui. Amenikabidhi bahasha niibandike, nami nimeongeza kabla ya kubandika. Mkono haumuumi. Wiki hii ametia chumvi kwenye chai mara mbili na akainywa yote ili nisijue kwamba amekosea. Kutoka mlangoni hadi barabarani anahesabu hatua, midomo inacheza, nikimwuliza anasema anaimba. Jumapili boti imegonga gati, akasema mkondo, na maji yalikuwa yametulia tuli. Na ule mguu wa ubavuni anaosema ameufuta: amepaka rangi pembeni. Vidole vitatu vimebaki nje, watu wote pale gatini wanaviona na hakuna anayemwambia. Mimi nimemwambia mambo mengi katika maisha yetu. Hili nimelishindwa. Barua zako zote nimemsomea mimi, na ile ya pili aliniambia niisome tena.


11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni shikamoo ya kweli, ipokee. Najua anayekusomea ni nani, na namsalimu pia, na namwomba asome mpaka mwisho hata ukimwambia aache.

Nimetengwa na maji, nimechekwa ofisini, nimeitwa kisirani na watu ambao injini zao nilizifungua kwa mikono yangu. Hasira zangu nimezibeba ngazi juu, ngazi chini, nikazipeleka kiwandani nikazipigia barafu. Na bado naogopa kuandika hili. Naandika.

Siku ile ulikuwa umesimama kwenye usukani. Mimi napanda nyuma kabisa, nimebeba sanduku, kati yetu kuna daktari wa meno, viti viwili na fimbo sita. Ni hatua kumi na mbili, nimezideki mara mia mbili na kumi na mbili. Mshipi wa daktari ulikuwa wa rangi ya machungwa, mnene kama kamba ya kiatu, umepita ubavuni mwako karibu kukugusa mkono. Hukuuona. Sasa niambie, mtu asiyeuona mshipi ule aliuonaje mguu wangu?

Hukuuona, Mjomba. Macho yako yamekwisha, na ulijua. Ulitaka kitu cha kuwaambia watu, na mguu wangu ulikuwa karibu.

Hilo ndilo linaloniuma. Macho si kosa lako. Ungeniambia, "Mguu, sioni," ningekuambia tutafanya hivi na hivi, na tungefanya, maana tulishakuwa tunafanya! Nani alisoma ile skrini ya kina cha maji mwaka mzima kwa sauti, akijifanya anajisomea mwenyewe? Nilijua kabla hujajua kama najua. Nilinyamaza kwa heshima. Nawe heshima ile ukaigeuza kisirani.

Naelewa kwa nini huandiki upya kitabu. Ukiandika kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani, watakuuliza wewe ulikuwa unafanya nini. Leseni yako itakwenda. Ninajua leseni ile ni nini kwako, nimeiona ilivyotundikwa juu ya redio ndani ya plastiki, hata picha za harusi hukuzitundika hivyo. Siombi kitu kidogo.

Lakini kuna watu ndani ya boti hiyo. Yule daktari ananikera na kofia yake na jino lake, ila hajui kuogelea, unakumbuka? Leo umegonga gati. Kesho utagonga nini?

Sitaki uongo wa kunipendelea, wala siku moja ya nyongeza. Andika nilichofanya. Ukikataa, mtihani utanipita, nitavunja barafu mwaka mwingine, na nitakuwa bado mpwa wako. Ila sitakuandikia tena, na ukifa nitakuja kukuzika nikiwa nimekasirika.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba.

Naandika mwenyewe. Mke wangu ameweka rula chini ya kila mstari na anaisogeza. Anasema nimeshapanda juu ya rula mara nne. Usicheke, au cheka, shauri yako. Mama yako mzima, goti limekwisha, ameanza tena kutembea haraka na kugombana na watu sokoni. Paa halivuji. Alipanda mke wangu, akaziba tundu lenyewe. Mimi nilikuwa naziba pembeni.

Nilikasirika na barua yako. Niliiweka chini ya godoro siku tisa. Nilimwambia mke wangu huyu mtoto hana adabu, akaniambia, "Ana adabu. Alichokosa ni mjomba." Tukanuniana siku mbili. Nimeoa mwanamke mkali.

Siku ya kumi nikaichukua leseni kutoka juu ya redio nikaenda ofisi ya leseni ya huku, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nimeingia tu, yule kijana wa dirishani akasema, "Mzee, kwanza soma ule ubao." Nikamuuliza ubao upi.

Basi. Hotuba haikuhitajika.

Wamenipeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto wanasema limekwenda zake, la kulia wanaweza kulijaribu kwa upasuaji mwezi wa Septemba, bila kuahidi. Leseni wamekaa nayo. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti cha cherehani sijui hata kwa nini, na nililia, nakuambia kwa kuwa mke wangu angekuambia hata hivyo.

Daktari wa meno nilimwita gatini, nikamwambia ukweli wote, kwamba samaki wake alikatwa na nahodha na si mguu wa mtu. Unajua alisema nini? "Kwa hiyo mguu haukuhusika kabisa?" Alisikitika! Alikuwa ameshazoea mguu. Nikamwambia mbele ya boti zile saba, kwa sauti ya kuita gati zima, kwamba miaka miwili alikuwa anaendeshewa na msichana yuleyule aliyekuwa akivulishwa kiatu. Yule aliyekukataza kuegemea kamba yake alijifanya anatafuta kitu ndani ya injini. Daktari akauliza basi nani ataendesha boti sasa. Nikamwambia nahodha anakuja, ila huyo hagusi kofia ya mtu.

Kitabu chako kimo humu. Nimelikata lile neno kwa rula mara mia mbili na kumi na mbili, mke wangu akiniwekea kidole pa kuanzia, na juu yake nimeandika: Baharia, alishika usukani. Imenichukua siku nne. Pembeni ya kila mstari kuna sahihi yangu, na ofisi ya huku wamegonga muhuri kila ukurasa. Nimekituma kwa basi la haraka, kitakufikia kabla ya tarehe yako. Kama kuna mstari umepinda mwambie yule karani mwenye kamba ya miwani aje aniulize mwenyewe.

Sasa neno la mwisho, na hili sijamwambia hata anayeshika rula, analisoma sasa hivi.

Siku ile ya kwanza nilipokaa na kitabu nikafika kwenye Kazi aliyofanya, nilijua kabisa kazi yako. Asubuhi ile ulikuwa umeniambia ndege wako wapi, na mimi nilikuwa naangalia mbingu tupu. Nilitaka kuandika: Ananionea. Nikashika kalamu. Nikafikiri, atakayesoma atadhani mpwa wangu ananidhulumu. Na atakayeelewa vizuri itakuwa mbaya zaidi, atajua sioni. Nikatafuta neno lingine, nikaandika Bahati. Kesho yake nikaliandika tena kwa kuwa lilikuwa limeshaandikwa. Kumbe siku zote mia mbili na kumi na mbili, aliyekuwa anamwonea mwenzake ni mimi. Nisamehe.

Fanya mtihani. Ukifaulu, funguo za boti ziko kwenye droo ileile. Mimi nitakaa nyuma nizungumze na wageni, naambiwa nina kipaji hicho. Kuhusu vile vidole vitatu ubavuni, amua mwenyewe, boti ni yako kuipaka.

Ukija, uje na viatu vyote viwili. Panda kwa mguu wowote, mimi sitauona.

Mjomba wako